Mashine pepe kwenye laptopu moja: NAT, bridji, host-only na zile nyingine, ipi uweke lini

Swali hili linarudi kila mara kwa vijana wanaojifunza mambo ya seva hapa Kampala, na kule Gulu na Mbarara pia. Mtu ameweka VirtualBox, programu ya kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta yako, ametengeneza mbili za Ubuntu, zote zinaingia intaneti vizuri kabisa, lakini zenyewe kwa zenyewe hazionani, akipiga pingi (kujaribu kama nyingine inajibu) hakuna kitu, na laptopu nayo haiwezi kuingia kwa SSH, ile njia ya kuendesha kompyuta nyingine kwa terminali. Anauliza, anaambiwa "weka bridged", yaani bridji, anaweka, inakubali sababu yuko ofisini kwenye kebo, jioni akirudi hosteli Kikoni akawasha hotspoti ya simu kila kitu kimekufa. Hapo ndipo watu wanaanza kufuta na kuinstoli upya na bando linaisha bure.

Msimamo wangu nausema mapema ili ujue naelekea wapi: kama unafanya kazi na laptopu inayohama hama, leo hotspoti, kesho waifai ya chuo, keshokutwa kebo ya ofisi, ipe kila mashine pepe kadi mbili za mtandao, ya kwanza NAT, ya pili host-only, halafu bridji uiache kwa ile kazi inayoihitaji kweli. Nitaeleza kwa nini, na nitaonyesha hatua kwa hatua. Mifano ni ya VirtualBox sababu ndiyo wengi wanayo, lakini chini nimegusa programu nyingine za aina hiyo pia, KVM, VMware na Hyper-V.

Kabla hujagusa chochote

Jiulize maswali manne, na kama hutaki kusahau yaandike kwenye karatasi. Je, mashine pepe inatakiwa itoke intaneti? Je, hosti, yaani laptopu yenyewe, inatakiwa iifikie? Je, mashine pepe zinatakiwa ziongee zenyewe kwa zenyewe? Na je, kuna kompyuta nyingine huko nje, ya jirani au ya mteja, inatakiwa iifikie? Majibu ya hayo manne ndiyo yanachagua aina ya mtandao. Ukichagua bila kujibu utakuwa unabahatisha tu.

NAT ya VirtualBox inafanyaje

Hii ndiyo inakuja yenyewe ukitengeneza mashine mpya. Ndani ya mashine utaona IP, yaani anwani yake, 10.0.2.15, lango la kutokea 10.0.2.2, DNS, inayogeuza majina kuwa IP, inaweza kuwa 10.0.2.3. Sasa sikia hapa vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea: kila mashine pepe inapewa NAT yake peke yake, kama karuta kake binafsi. Kwa hiyo ukiwasha mashine tatu, zote tatu zitakuwa na 10.0.2.15 na wala hazigongani, sababu hazipo kwenye mtandao mmoja. Mtu anaangalia IP, anaona zinafanana, anadhani DHCP, huduma inayogawa IP, imeharibika. Haijaharibika, ndivyo ilivyo.

Fikiria sanduku la posta la shule ya bweni. Wanafunzi wote wanaandika barua nje kwa P.O. Box moja ya shule, jibu likija ofisi inajua ni la nani kwa sababu wanakumbuka nani aliandika, lakini barua ya mtu asiyejulikana, isiyotaja mwanafunzi, itabaki pale mezani. NAT ni hivyo hivyo, inakumbuka nani alitoka na inarudisha majibu, ila anayeanza yeye kutoka nje hana njia.

Njia anapewa kwa kuelekeza poti, yaani mlango wenye namba kwenye laptopu unaunganishwa na mlango wa ndani ya mashine. Mashine ikiwa imezimwa andika:

VBoxManage modifyvm seva1 --natpf1 "ssh,tcp,127.0.0.1,2222,,22"

Ikiwa inawaka tumia controlvm badala ya modifyvm, na natpf1 uiandike bila vistari viwili:

VBoxManage controlvm seva1 natpf1 "ssh,tcp,127.0.0.1,2222,,22"

Halafu kutoka laptopu:

ssh -p 2222 jinalako@127.0.0.1

Hiyo 127.0.0.1 iweke makusudi, usiache wazi, ukiacha wazi mtu yeyote mliye naye kwenye waifai ya kafe anaweza kugonga poti 2222 ya laptopu yako akafika kwenye mashine pepe. Na kama hosti yako ni Linux, poti zilizo chini ya 1024 hazitakubali bila ruhusa ya root, ndiyo maana watu wanatumia 2222 na 8080.

Uzuri wa NAT ni kwamba haijali laptopu imepata intaneti wapi. Hotspoti, maifai (karuta kadogo ka laini ya simu), kebo, eduroam (waifai ya vyuo), VPN ya kazini, vyote ni sawa kwake, trafiki inatoka kama vile ni programu ya kawaida ya laptopu. Kwa sisi tunaobadilisha mtandao mara tatu kwa siku hilo ni jambo kubwa sana.

NAT Network, ndugu yake

Majina yanafanana ila ni kitu kingine. Hapa unatengeneza mtandao mmoja, mashine zote zinakaa humo, zinaonana, zinatoka intaneti pamoja. Hosti ndiyo haiwezi kuzifikia mpaka uelekeze poti. Kuitengeneza:

VBoxManage natnetwork add --netname darasa --network "10.10.0.0/24" --enable --dhcp on

Halafu kwenye Settings ya kila mashine, Network, chagua "NAT Network" na jina darasa. Kwa VirtualBox 7 unaweza kuitengeneza kwa kubofya pia, iko kwenye Network Manager. Mimi naitumia kidogo tu, kwa sababu karibu kila mtu mwishowe anataka kuingia kwa SSH au kufungua ukurasa wa wavuti kutoka laptopu, sasa kuelekeza poti moja moja kwa mashine tano inachosha.

Setapu ninayoipendekeza: NAT pamoja na host-only

Host-only ni swichi ndogo iliyo ndani ya laptopu, laptopu imechomeka humo na mashine pepe zimechomeka humo, basi, hakuna waya unaotoka nje. Kwa kawaida laptopu inachukua 192.168.56.1, na DHCP ikiwa imewashwa iko 192.168.56.100 ikigawa kuanzia 101 mpaka 254. Kwa hiyo IP za kudumu zichukue kuanzia 2 mpaka 99, hazitagongana na chochote.

Kwanza, fungua VirtualBox, nenda File, Tools, Network Manager, tabu ya Host-only. Kwenye Windows mara nyingi utakuta imeshatengenezwa wakati wa kuinstoli, kwenye Linux bonyeza Create na itakupa vboxnet0. Kwenye matoleo ya zamani menyu iko sehemu nyingine kidogo, tafuta Host Network Manager. Kama uko Linux au Mac na unataka kubadilisha subneti, yaani kundi la anwani za mtandao huo, kumbuka kuanzia toleo 6.1.28 VirtualBox inakubali tu 192.168.56.0 mpaka 192.168.63.255, nje ya hapo inakataa na kosa refu lisiloeleweka, mpaka utengeneze feili /etc/vbox/networks.conf na ndani uandike anuwai unayoitaka, kwa mfano:

* 10.0.0.0/8

Ile nyota na nafasi ni sehemu ya mstari, usiiache.

Pili, zima mashine pepe kabisa, siyo kuihifadhi ikiwa imelala, izime. Settings, Network, Adapter 1 iache NAT. Adapter 2 weka tiki ya kuiwasha, chagua "Host-only Adapter", jina chagua ile uliyotengeneza. Wa terminali wanaandika:

VBoxManage modifyvm seva1 --nic1 nat --nic2 hostonly --hostonlyadapter2 vboxnet0

Tatu, washa, ingia, angalia:

ip -br a

Kwenye Ubuntu kadi ya kwanza kawaida inaitwa enp0s3 na ya pili enp0s8. Ya kwanza utaiona na 10.0.2.15. Ya pili pengine iko DOWN na haina IP, na watu wengi hapo wanadhani VirtualBox imekataa. Ubuntu ndiyo haijaambiwa iishughulikie, kwa sababu wakati wa kuinstoli kadi hiyo haikuwepo.

Nne, iambie. Tengeneza feili ya netplan, kinachopanga mtandao kwenye Ubuntu, /etc/netplan/60-hostonly.yaml, ndani yake:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s8:
      dhcp4: false
      addresses: [192.168.56.11/24]

Nafasi za mwanzo wa mstari ni muhimu, tumia nafasi za kawaida usitumie tabu. Halafu:

sudo chmod 600 /etc/netplan/60-hostonly.yaml
sudo netplan try

Hiyo "try" inakupa sekunde 120 za kuthibitisha, usipothibitisha inarudisha ya zamani, nzuri sana hasa kama umeingia kwa SSH na unaogopa kujifungia nje.

Umeona hapo juu sijaweka lango lolote kwenye enp0s8? Ni makusudi. Lango la kutokea intaneti ni moja tu, lile la NAT. Ukiweka la pili 192.168.56.1, mashine itakuwa na njia mbili za kutoka, na ikichagua hii ya host-only intaneti inapotea maana laptopu haipitishi kitu upande huo. Kama umeshafika hali hiyo, "ip route" itakuonyesha mistari miwili inayoanza na default, futa ule wa 192.168.56.

Tano, kutoka laptopu piga pingi 192.168.56.11, ikijibu ingia kwa SSH. Sasa unaweza kuzima waifai, kwenda kijijini ambako hakuna mtandao kabisa, na bado laptopu na mashine zako zote zinaongea. Bridji haikupi hilo.

Kukloni mashine ya pili, hapa kuwa makini

Hakuna haja ya kuinstoli Ubuntu mara nne, kloni ile ya kwanza. Lakini VirtualBox ikikuuliza kuhusu MAC, ile namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, chagua ile ya kutengeneza MAC mpya kwa adapta zote. Mashine mbili zenye MAC moja kwenye swichi moja zitakusumbua vibaya, leo pingi inafika, dakika moja baadaye haifiki, na hutajua kwa nini.

MAC peke yake haitoshi. Ubuntu za seva zikiomba IP kwa DHCP zinajitambulisha kwa namba inayotokana na feili /etc/machine-id, siyo kwa MAC, na kloni inabeba feili hiyo hiyo. Kwa hiyo mashine mbili zina MAC tofauti lakini DHCP inazipa IP moja. Hili limewapotezea watu usiku mzima. Kwenye kloni fanya hivi:

sudo rm -f /etc/machine-id /var/lib/dbus/machine-id
sudo systemd-machine-id-setup
sudo ln -s /etc/machine-id /var/lib/dbus/machine-id
sudo hostnamectl set-hostname seva2

Funguo za SSH za seva nazo zimekloniwa, zifute na uzitengeneze upya:

sudo rm /etc/ssh/ssh_host_*
sudo dpkg-reconfigure openssh-server

Badilisha 192.168.56.11 iwe 192.168.56.12 kwenye netplan, washa upya. Halafu kwenye /etc/hosts ya kila mashine, na ya laptopu pia, andika majina:

192.168.56.11 seva1
192.168.56.12 seva2

Ni kazi ndogo, na inakuepusha kukariri namba.

Kuokoa bando

Hili nimeliweka makusudi sababu miongozo mingi inaandikwa na watu wenye intaneti isiyoisha. Ukiwa na mashine nne za Ubuntu na kila moja inavuta apdeti zake, unalipa data ile ile mara nne. Kwa kuwa sasa zinaonana kupitia host-only, ifanye moja iwe ghala:

sudo apt install apt-cacher-ng

Weka kwenye seva1, inasikiliza poti 3142. Kwenye mashine zote, seva1 nayo, tengeneza feili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy yenye mstari huu mmoja:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.56.11:3142";

Kuanzia hapo pakiti inashuka mara moja tu, mashine moja ikiivuta nyingine zinaikuta ndani ya laptopu. Ukizima seva1 zile nyingine zitalalamika kwenye apt update, usishtuke, iwashe tu au uondoe feili kwa muda.

Bridji, na kwa nini inagoma kwenye waifai

Kwa bridji mashine pepe inachomekwa kwenye mtandao halisi kama vile ni kompyuta nyingine mezani. Inaomba IP kwa ruta ile ile, inaiona printa, inaziona kompyuta za wenzako, na wao wanaiona. Kwa swali la nne pale juu, kama jibu ni ndiyo, hii ndiyo yenyewe.

Mfano mzuri ni duka la spea pale Kisekka lenye kompyuta tatu za kaunta, mwenye duka anataka programu ya stoo na databesi zikae kwenye mashine pepe ndani ya kompyuta moja ya ofisini. Hapo weka bridji, kwa kebo, chagua kadi ya kebo kwenye kisanduku cha Name, halafu ingia kwenye ruta uifungie MAC ya ile mashine IP moja isiyobadilika. MAC za VirtualBox zinaanza na 08:00:27 kwa hiyo utaitambua haraka kwenye orodha ya ruta. Ukiiacha ichukue IP yoyote, siku umeme ukikatika na ruta ikaanza upya, IP inaweza kubadilika na kaunta zote tatu zikasema seva haipatikani wakati wateja wamepanga foleni. Umeme ukirudi, mashine inawashwa bila dirisha kwa:

VBoxManage startvm seva1 --type headless

Sasa waifai. Kadi ya waifai ikiungana na kituo, yaani kifaa kinachorusha waifai, kituo kinaijua MAC moja tu, ya kadi hiyo. Fremu, yaani kifurushi cha data, ikitoka na MAC nyingine, ya mashine pepe, kituo kinaitupa kwa sababu hakijawahi kusalimiana nayo. VirtualBox inajaribu ujanja, inabadilisha MAC ya fremu ziende na ile ya kadi halisi halafu majibu inayagawa kwa kuangalia IP, na mara nyingi inafanya kazi, mara nyingine haifanyi, inategemea driva na kituo. Bridji ya kawaida ya Linux kwa KVM haina ujanja huo, kwenye waifai usipoteze muda wako.

Kuna na mengine. Hotspoti ya iPhone inatumia 172.20.10.0/28, hiyo ni anwani 14 tu na moja ni ya simu yenyewe, ongeza laptopu na simu za wenzako na mashine pepe tano, umeshafika mwisho. Maifai nyingi nazo zina kikomo cha vifaa na kila mashine ya bridji inahesabiwa kama kifaa. Waifai za hoteli na kafe huwa zinazuia vifaa visionane. Na eduroam, ambayo vyuo vyetu vingi vinaipata kupitia RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, inamruhusu aliyeingia kwa jina na nywila yake, mashine pepe yako haijaingia, kwa hiyo chuoni kaa na NAT. Kuweka DHCP au seva za majaribio kwenye mtandao wa chuo kwa bridji pia siyo jambo la kucheza nalo, mashine moja ikigawa IP za uongo inakata ghorofa nzima.

Jambo jingine watu wanalitarajia kwa bridji na halipo: kufikiwa kutoka intaneti. Kampuni za simu mara nyingi zinaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya nje, angalia maifai yako, ukiona IP ya upande wa nje inaanza na 100.64 mpaka 100.127, au na 10, basi uko nyuma ya NAT yao, na hakuna poti utakayoelekeza itakayosaidia. Hapo dawa ni kukodi seva ndogo nje na kutoboa njia ya SSH kutoka ndani kwenda kwayo, au VPN.

Internal Network, kwa majaribio ya usalama

Hii ni swichi isiyomwona hata hosti. Mashine pepe zinaonana zenyewe tu. Wanaojifunza usalama na Kali, Linux ya kupimia usalama, pamoja na Metasploitable 2, tafadhali wekeni hapa na msiweke kwingine. Metasploitable 2 ni Ubuntu 8.04 iliyotobolewa makusudi kila upande, ukiiweka bridji kwenye waifai ya hosteli umefungulia watu wote mlango. Na upande wa pili, Kali ikiwa bridji, kosa moja la kuandika subneti na unaskani kompyuta za watu, na sheria yetu ya Computer Misuse Act ya 2011 haiulizi kama ulikuwa unajifunza.

VBoxManage modifyvm kali --nic1 intnet --intnet1 maabara
VBoxManage modifyvm shabaha --nic1 intnet --intnet1 maabara

Jina lazima lifanane herufi kwa herufi, "maabara" na "Maabara" ni swichi mbili tofauti. DHCP haipo, au uweke IP kwa mkono au uiongeze:

VBoxManage dhcpserver add --network=maabara --server-ip=10.20.0.1 --netmask=255.255.255.0 --lower-ip=10.20.0.10 --upper-ip=10.20.0.50 --enable

Kali ikihitaji apdeti mpe kadi ya NAT kwa muda, apdeti, kisha ondoa. Wanaosomea mitandao wanaweza kutengeneza mashine moja iwe ruta, mguu mmoja NAT, mguu mwingine maabara, ndani yake:

sudo sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
sudo iptables -t nat -A POSTROUTING -o enp0s3 -j MASQUERADE

Zile nyingine zinaipa hiyo kama lango. Utajifunza mambo ya njia za mtandao kwa mikono yako, bila kununua ruta hata moja.

Kama hutumii VirtualBox

KVM ya Linux, mtandao wake wa kawaida unaitwa default, bridji ni virbr0, IP ya hosti 192.168.122.1, na tayari unakupa vitu vitatu kwa pamoja: intaneti, mashine kuonana, na hosti kuzifikia. Yaani ile setapu ya kadi mbili hapa hauihitaji. Ukikuta mashine inakataa kuwaka ikisema mtandao default haupo hai:

sudo virsh net-start default
sudo virsh net-autostart default

Na kujua nani amepewa IP gani: sudo virsh net-dhcp-leases default. Ukiweka KVM ndani ya mashine ya KVM, subneti hiyo ya 122 itagongana na yenyewe, badilisha ya ndani. Halafu kuna macvtap, njia nyingine ya KVM ya kuchomeka mashine kwenye kadi halisi, inaonekana kama bridji rahisi, lakini mashine ya macvtap na hosti yake haziongei kabisa hata kama dunia nzima inaiona, ni tabia yake siyo ugonjwa.

VMware, VMnet0 ni bridji, VMnet1 ni host-only, VMnet8 ni NAT, na NAT yake mashine zinaonana na hosti inaingia, tofauti na ya VirtualBox. Hyper-V, External ni bridji, Internal ni hosti na mashine, Private ni mashine tu, na ile Default Switch inatoa intaneti lakini subneti yake hubadilika ukiwasha kompyuta upya, usiiwekee IP za kudumu.

Ikigoma, fuata mpangilio

Usibadilishe vitu vitano kwa mkupuo. Anza ndani ya mashine na "ip -br a". Ukiona mashine mbili zina 10.0.2.15, ziko NAT ya kawaida, hazitaonana mpaka kesho kutwa. Ukiona 169.254 kwenye Windows, imeomba DHCP ikakosa, labda uko Internal isiyo na DHCP, au tiki ya "Cable Connected" kwenye Settings imetoka. Ukiona IP nzuri, piga pingi lango, halafu 8.8.8.8, halafu jina kama google.com. Lango linajibu lakini 8.8.8.8 haijibu, tatizo ni njia ya kutoka, rudi kwenye ip route. 8.8.8.8 inajibu ila jina halijibu, hiyo ni DNS, angalia resolvectl status.

Mashine ya Windows isipojibu pingi usiilaumu mtandao kwanza, faiawoli yake inakataa pingi kwa kawaida. Jaribu kutoka Windows kwenda kwa Linux, ikijibu basi njia iko sawa, nenda kwenye faiawoli uwashe kanuni ya Echo Request ya ICMPv4. Kwenye Linux "ip neigh" inasaidia sana, ukiona FAILED mbele ya IP ya mwenzake maana yake hata MAC yake haijapatikana, yaani haziko swichi moja au ile nyingine imezimwa, ukiona REACHABLE na SSH bado inagoma, basi ni faiawoli au huduma yenyewe haijawashwa, angalia "ss -tln" kule upande wa pili uone kama poti 22 inasikilizwa.

Na kama bridji ilikuwa inafanya kazi asubuhi na sasa haifanyi, fungua Settings uangalie kisanduku cha Name, mara nyingi utakuta bado imeshika kadi ya kebo wakati wewe umeshahamia waifai.